Kiti cha Karibu na Tangi

Kama kuna jambo Fundi Mnyoofu alilijua kuliko kazi yake, ni kudharau. Alidharau kwa jicho, kwa pua, kwa bega. Akikohoa tu, ulijua kuna mtu kapata fungu lake. Na fungu kubwa kuliko yote aliwawekea walevi. Mtu akipita njiani anapepesuka, Mnyoofu alisimama kando, akapandisha suruali kidogo kama anayevuka mtaro, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Takataka yenye miguu hiyo inapita."

Mwenyewe hakuwahi kuonja. Harusini alinusa soda kabla ya kuinywa, na bado aliiangalia kwa shaka. Wala usimlaumu haraka. Baba yake aliyanywa mabati ya nyumba yao, moja baada ya jingine, mpaka mama akawa anapika chini ya jua na kulala chini ya mvua. Mtoto aliyelala chini ya mvua akikua hana la kuzungumza na mlevi. Basi wenzake kazini wakamwita Mnyoofu, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli, naye akalichukua lile jina lote likawa sifa.

Alikuwa fundi wa karakana ya reli. Usidhani aliendesha treni na kupiga honi, watoto wampungie mikono. Thubutu! Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma. Injini ikiingia karakana inafunguliwa, kila kipande kimeganda grisi iliyochanganyika na vumbi la safari. Vipande vinatiwa kwenye kikapu cha waya, kikapu kinashushwa kwa mnyororo ndani ya tangi kubwa lenye dawa ya moto, na vikitoka vinang'aa kama sahani za wageni. Dawa yenyewe ilikuwa na jina refu lililoandikwa kwenye mapipa, na chini ya jina picha ya fuvu la kichwa. Mafundi hawakuhangaika na jina. Waliiita dawa tamu, kwa sababu harufu yake ilikuwa tamu na ilikaa kooni kama peremende. Lile fuvu kuna mchekeshaji mmoja alilichorea masharubu, basi ikawa kila mtu akipita analisalimia, "Shikamoo mzee."

Sasa sikia ujinga wa watu wazima. Karakana ilikuwa jumba la mabati lenye milango mirefu ya kupitisha injini, na milango hiyo haikufungwa asilani, kwa hiyo asubuhi upepo ulikuwa unaingia unavyotaka. Mahali pekee penye joto ni tangi. Basi tangi likawa ndilo jiko lao. Hapo ndipo walipoota moto, hapo ndipo walipoweka vyakula vyao kwenye ukingo vipate joto, hapo ndipo walipokunywa chai, na mvuke unapanda taratibu unawapita usoni. Mikono ikiwa na grisi, wanaichovya humo humo na kuifuta kwa tambara. Na wakaweka utaratibu wao kabisa: aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote ndiye anayekalia kiti cha karibu na tangi. Kilikuwa kiti cha behewa la abiria, kimeng'olewa, sponji inachungulia. Watu walikingoja kama wanaongojea urithi. Mzee aliyekikalia zamani alistaafu mikono ikimtetemeka mpaka akawa anashikilia kikombe kwa viwiko, wakasema ni uzee, Mungu ampe nguvu. Kesho yake Mnyoofu akakalia kiti. Alirudi nyumbani kifua mbele akamwambia mkewe, "Leo nimekalia," na mkewe akapiga vigelegele kama mume kapandishwa cheo. Lo! Kugombea sumu kama kuku wanavyogombea mtama.

Lakini nani aliwaambia ni sumu? Nyapara alijua. Nyapara alikuwa na kibanda chake cha vioo, dirisha limezibwa kwa gundi na feni inazunguka mwaka mzima, na akitaka kuongea na wanaoosha vyuma aligonga kioo kwa funguo, akaashiria kwa kidole. Mtu asiyejua kitu hazibi dirisha kwa gundi.

Shirika la reli nalo lilijua, kwa maana lilitoa maziwa. Ndiyo, maziwa! Kila asubuhi, pakiti moja kwa kila anayeosha vyuma, na nyapara anagawa kwa mbwembwe kama anayatoa kifuani mwake. "Kunyweni, yanaua sumu." Hakuna hata mmoja aliyeuliza, sumu gani? Ukipewa cha bure unauliza maswali? Mnyoofu hakuyanywa. Aliyatia mkobani akayapeleka nyumbani, na alijisifu mtaa mzima kwamba watoto wake wamekua kwa maziwa ya reli. Mwingine asiyekunywa alikuwa Chakari, na sababu zake hazikuwa watoto.

Chakari ndiye aliyekuwa wa pili kwa ukongwe, kwa hiyo alikaa upande wa pili wa tangi, wakitazamana na Mnyoofu miaka nenda miaka rudi. Jina lake la kuzaliwa karibu lisahaulike. Alikuwa mtu wa kupiga maji, tena bila kujificha. Maziwa aliyauza getini kabla hayajapoa mkononi, na ikifika saa ya mapumziko alijilaza sakafuni, shavu kaligusisha kwenye ubavu wa tangi, akakoroma usingizi wa jana. Mnyoofu hakuwahi kumsalimu. Miaka yote ile! Akitaka nyundo iliyo karibu na Chakari alimwomba mtu wa tatu. Chakari alikuwa akicheka tu. "Fundi," alimwambia siku moja, "wewe ukifika peponi utaomba utengewe mlango wako."

Halafu yakaanza. Kwanza vidole. Spana inaanguka, anaiokota, inaanguka tena. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikawa kinaruka chenyewe, kinajikunja kuelekea kiganjani, kinakunjuka. Kisha miguu ikaacha kumsikiliza: anakusudia kwenda mbele, inampeleka pembeni. Mwisho ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka yameshikana. Kwa wenzake wote pale karakana lilikuwa jambo la kuchekesha sana. Chakari ndiye aliyecheka kwa sauti. "Karibu chamani, fundi! Umeanza lini? Mbona unakunywa peke yako, choyo hiyo?" Mnyoofu alimtemea mate karibu na viatu. Hata kutema vizuri hakuweza, yakamwagikia ovaroli yake mwenyewe.

Nyapara alimwona akipepesuka na kikapu cha vyuma, akagonga kioo. Wakampeleka zahanati ya Shirika. Daktari wa pale alikuwa na kalamu nyepesi kuliko masikio yake. Hakupima damu, hakuuliza anashika nini kazini. Alimwambia tu atembee kwenye mstari wa marumaru za sakafu, na Mnyoofu, ambaye maisha yake yote aliyajenga juu ya kutembea wima, akaukosa mstari. Daktari akaandika. Jioni hiyo hiyo akafukuzwa kazi, hana kiinua mgongo, hana hata ahsante. Sababu: ulevi kazini.

Ulevi! Yeye! Ingekuwa wizi angeucheka. Alisimama getini ameshika barua yake, kidole gumba kinaruka, na mlinzi aliyemzoea miaka yote akamwambia kwa upole wa kuudhi, "Nenda kalale mzee, kesho utajisikia vizuri."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtaani watoto hawakukawia kumpa jina: Chakari wa Pili. Wale wale aliokuwa akiwaita takataka zenye miguu wakawa wanampungia kwa furaha toka mlangoni mwa kilabu, wanamtengea nafasi kwenye benchi. Binti yake mdogo alikuwa ameposwa. Wakwe watarajiwa walikuja kuzungumza mambo ya harusi, wakamwangalia mkwe wao akimwaga chai kwenye mapaja, wakaangaliana. Walisema wanakwenda kushauriana na ndugu. Mpaka anafungua kesi, walikuwa bado wanashauriana.

Mtu mmoja tu hakutetereka, mkewe. "Mimi nimelala karibu na mdomo huu tangu nikiwa msichana," alikuwa akiwaambia majirani, tena bila kuulizwa. "Ungekuwa unanuka pombe ningekuwa wa kwanza kuhama kitanda. Unanuka kitunguu. Mchukueni hospitali mkamfukuzie kitunguu!" Na ni yeye aliyemburuta mpaka hospitali kubwa. Huko daktari mmoja aliyechoka, mwenye koti lililokosa vifungo, aliuliza swali ambalo yule wa Shirika hakuliuliza: "Mzee, unafanya kazi gani?" Mnyoofu akaeleza. Daktari akaweka kalamu chini. "Hii ni mishipa ya fahamu," alisema. "Imeliwa na hiyo dawa yenu. Nimeshawaona wengine wa reli. Tafuta wakili."

Wakili alikuwa binti mdogo kiumri, ofisi yake ipo juu ya duka la magodoro, ngazi zake zilimchukua Mnyoofu muda kuzipanda. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Mzee, ugonjwa tutauthibitisha," alisema. "Shida ni hilo neno ulevi. Wakilishikilia hilo, hata daktari wetu aseme nini, watasema mishipa imeharibiwa na pombe. Nahitaji mtu aliyefanya kazi na wewe aje aape kwamba hunywi."

"Fedha zao wanaweza kula na mbwa," alijibu Mnyoofu. "Mimi nataka lile neno lifutwe. Na mashahidi ninao, tena watu wa maana."

Watu wa maana! Hebu tuwaone. Wa kwanza, rafiki yake wa kuendea naye matanga yote ya mji, alimwambia amebakiza muda mfupi astaafu, na Shirika lina mkono mrefu. Wa pili, ambaye Mnyoofu alimbebea mtoto hospitalini usiku wa mvua, alisema yeye hakumbuki vizuri kama Mnyoofu alikuwa hanywi au alikuwa anakunywa kidogo kidogo. Wa tatu alimtuma mtoto mlangoni. "Baba amesema hayupo," mtoto akasema, na pazia dirishani likatikisika. Ndio hao waliokuwa wakikaa naye kuwasengenya walevi. Wasafi wote, pumzi zao hazina harufu, na mioyo yao haina uzito wa unyoya wa kuku.

Aliyekuja bila kuitwa alikuwa Chakari. Alibisha hodi mchana, ameoga, shati amelifunga vifungo vikapishana, bega moja liko juu kuliko lingine.

"Shemeji, hujambo," alimsalimu mke wa Mnyoofu. "Nasikia huyu bwana anatafuta shahidi."

"Shahidi," alisema Mnyoofu kutoka kwenye kiti chake, bila kumtazama. "Sikusema natafuta wa kunisindikiza kilabuni."

Mkewe alimgeukia. "We mwanamume! Maji yako shingoni na bado unachagua kamba? Ingia ukae, shemeji. Usimsikilize huyu."

Chakari akakaa. "Fundi," alisema, "wale rafiki zako watajuaje kama hunywi? Wao wenyewe hawanywi, hawaingii kilabu. Mlevi anajulikana na mlevi mwenzake. Hakuna kilabu mji huu ambacho mimi sina deni. Ungekuwa umepita hata kimoja, ningejua hata ulikalia kigoda gani. Na ningefurahi, wallahi ningekununulia mimi."

Mnyoofu aligeuzia uso dirishani. Ilimuuma. Kuokolewa na takataka yenye miguu! Lakini alijua hana mwingine, akamruhusu kwa kutikisa kichwa, kama anayemruhusu mtu kupita uani kwake.

Baraza la kesi lilikaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki na feni iliyokuwa inalia kila ikifika upande mmoja. Mwamuzi alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, rundo la karatasi laini mbele yake, na alionekana anatamani kila mtu aende kwao. Wakili wa Shirika alikuwa kinyume chake. Huyo alifurahi. Viatu vyake vililia kwa upya, na alizungumza na Mnyoofu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mgonjwa.

"Mzee wangu, Shirika lilikupa maziwa kila siku. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Ya kuua sumu. Uliyanywa?"

Binti wakili alikuwa amemwonya hapo. Akisema aliyanywa, watasema basi sumu haikumpata. Akisema hakuyanywa, watasema alijitakia. Mnyoofu hakujua kusema uongo, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. "Sikuyanywa," alisema. "Niliwapelekea watoto."

Wakili wa Shirika alifurahi mpaka akasahau adabu. Alimgeukia mwamuzi, mikono hewani. "Mheshimiwa, mlalamikaji amekiri mwenyewe! Alikataa kinga. Kama angeyanywa maziwa yale, leo angekuwa mzima wa afya. Amejiumiza mwenyewe!"

Mwamuzi alipenga kamasi. "Amejiumiza kwa kitu gani, wakili?"

"Kwa kutokunywa maziwa."

"Mimi sijanywa maziwa tangu mwaka jana, na sitetemeki," alisema mwamuzi. "Nakuuliza, maziwa yalikuwa yanamkinga na nini?"

Feni ikalia. Wakili wa Shirika alifungua jalada lake kama anatafuta mlango wa kutokea. Loo, wasomi! Huyo bwana alijipalia makaa mwenyewe, tena kwa kijiko kikubwa. Mwamuzi akaandika sentensi moja na kuipigia mstari.

Wakili wa Shirika akarudi kwenye suala la pombe. Hakuwa na pengine pa kukimbilia. Akauliza habari za kupepesuka, za ulimi, za mstari wa marumaru. Kisha, akiwa ameshamwona Chakari amekaa nyuma, akauliza polepole: "Huyo shahidi wako, mzee, mlikaa naye tangi moja. Naye anatetemeka, tunamwona. Naye anapepesuka. Na yeye kila mtu anajua ni mlevi. Sasa tofauti yenu ni nini?"

Damu ilimpanda Mnyoofu kichwani. Kitu pekee alichokijia pale ni kutofananishwa na huyo. "Usinilinganishe!" alisema, na kwa hasira ulimi ukamnyooka kidogo. "Yule namjua miaka yote. Kutetemeka kwake ni pombe, kuyumba kwake ni pombe, hakuna kingine. Yangu ni dawa. Muulize mtu yeyote karakana!"

"Ahsante sana," alisema wakili wa Shirika, na hilo aliliandika taratibu, neno kwa neno, kwa kalamu yake nzuri. Binti wakili alifumba macho kidogo. Mnyoofu hakuona. Alikuwa anatazama mbele kwa fahari.

Chakari alipanda kutoa ushahidi, akaapa. Hakuwa na aibu hata chembe. "Mheshimiwa, mimi ni mlevi," alianza, watu wakacheka. "Nakunywa tangu ujana. Kazini nimekunywa, njiani nimekunywa, msibani ndiyo usiseme. Huyu bwana hajawahi. Ameniita takataka miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na hajawahi kupokea hata maji kutoka mkononi kwangu. Kama huyu ni mlevi, basi mimi ni daktari wa zahanati ya Shirika." Hata mwamuzi alijificha nyuma ya karatasi yake laini.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, na wote walirudi kuisikia. Mnyoofu si mlevi. Hajawahi kuthibitishwa kuwa mlevi. Ugonjwa wake umetokana na dawa aliyoitumia kazini, na Shirika limekiri lenyewe kuwa ilikuwa sumu pale lilipodai kutoa kinga. Neno ulevi lifutwe. Matibabu yalipwe, mafao yalipwe. Mkewe alipiga vigelegele mle ndani, wakamwomba atulie, akapiga tena. Kisha akatoka mbio kutafuta simu, wale waliokuwa wakishauriana na ndugu wapate kitu cha kushauriana. Mnyoofu alilia waziwazi, kamasi zote, akasahau kujidharau. Hata wakwe angewasamehe siku ile.

Nje, kwenye korido, palikuwa na pipa la maji ya kunywa. Chakari alikuwa amejichotea kikombe. Mnyoofu alimwendea, ameshaandaa maneno ya shukrani ya kiasi, asije akazidisha. Ndipo alipoona kikombe kinamwagika chote, kifuani mwa Chakari, na mkono wa kushoto umeshika ukuta. Kidole gumba kilikuwa kinaruka. Kinajikunja kuelekea kiganjani, kinakunjuka, kinajikunja. Mnyoofu aliangalia kidole chake mwenyewe, akaangalia kile.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nini? Hiki?" Chakari alikificha mfukoni. "Kilianza kabla ya chako. Wewe ulikaa karibu na lile tangi, fundi, mimi nililala nalo."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mlevi akitetemeka, nani ashangae?"

Binti wakili alikuwa akitoka na majalada kwapani. Mnyoofu alimzuia njia. "Tufungue na kesi ya huyu," alisema. "Ugonjwa ni ule ule, tangi ni lile lile. Shahidi nipo, mimi hapa."

Binti akashusha majalada. "Mzee wangu," alisema, "wewe umeshatoa ushahidi juu yake." Akafungua jalada, akamsomea. Kutetemeka kwake ni pombe, kuyumba kwake ni pombe, hakuna kingine. "Umesema kwa kiapo, na wenzetu wa Shirika wanayo nakala. Na yeye mwenyewe ameapa kuwa ni mlevi. Nilimweleza kabla hajaja kuapa kwamba akisema hivyo, kesi yake imekwisha. Nilimwambia anaweza kukataa."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza tutaanza saa ngapi."

Mnyoofu alimgeukia Chakari. Alitaka kusema kitu, na safari hii haikuwa dawa iliyomshika ulimi. Chakari alikuwa anajikung'uta maji kifuani. "Basi, fundi, usinitie aibu mbele ya binti," alisema. "Lilikuwa tobo moja la kutokea na sisi tulikuwa wawili. Mimi hata ningetoka, nani angenisubiri nje? Wewe una mke wa vigelegele."

Maisha yake yote Mnyoofu hakukosa mtu wa kumdharau. Siku ile aliwapitia wote kichwani, nyapara na dirisha lake, daktari na kalamu yake, wale rafiki zake wa nyuma ya pazia, wote aliwaona na wote walistahili. Na kila akimaliza kuwapitia, anabaki yule mzee mwenye fahari aliyesema "usinilinganishe." Huyo ndiye alimchukiza kuliko wote, na hapakuwa na pa kusimama kando huyo apite.

"Nisindikize kituoni," alisema Chakari. "Miguu hii leo haina adabu."

Walitoka wameshikana mikono, mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, na barabara yenyewe ilikuwa na mashimo. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na mtoto aliwaona kwa mbali, akamvuta mtoto wake upande wa pili. "Jamani, jua hili!" alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wazee wazima, asubuhi yote hii wameshalewa. Pita huku mwanangu, usiwaguse."

Chakari alisimama, akamtazama mwenzake, akisubiri amtolee yule mama hukumu kutoka mfukoni na kumpa vidonge vyake. Mnyoofu alikuwa nayo, ameikunja vizuri, ina muhuri. Alimshika Chakari mkono kwa nguvu zaidi. "Twende," alisema, "mama apate njia."